Panya wa Dahl ama SHR: umchukue yupi kama utafiti wako ni wa presha ya chumvi

Kama pendekezo lako la utafiti lina neno chumvi ndani yake, usikimbilie SHR, yule panya ambae presha humpanda yenyewe tu, chukua wa Dahl, ambae humpanda akila chumvi. Naanza na jibu kabisa manake najua wengine watasoma mistari mitatu waende zao, lakini mwenye nafasi abaki, kwa sababu hawa panya wote wawili huitwa panya wa presha, na vijana wetu wa Malindi, Mambrui mpaka Lamu wanaosomea fiziolojia ama famasia wanaandika SHR kwenye karatasi kwa kua ndo jina walilokutana nalo kila mahali, alafu ukisoma swali lenyewe ni la chumvi. Hapo panya na swali havijakutana.

Na hilo swali naelewa linatoka wapi. Toka Malindi shika njia ya Gongoni, Ngomeni mpaka Marereni na Kurawa, ni mashamba ya chumvi tu, jamaa zetu wanafanya kazi mle, na mezani kwetu kuna ng'onda, kuna papa mkavu, kuna achari ya maembe, kuna viazi vya karai na ukwaju wake. Barazani ukitaja presha wanatokea watu wa aina mbili, mmoja asema hii ni ya ukoo, mama alikua nayo na nyanya alikua nayo, mwengine asema ukoo gani, punguza chumvi tu. Panya wa Dahl ndo aliyeonyesha wazi kua wote wawili wana haki, na kwa hilo mimi nampenda kushinda mnyama mwengine yeyote wa maabara.

Tuanze na asili yao. Lewis Dahl alikua daktari pale Brookhaven National Laboratory, Long Island, New York. Alikua na panya wa kawaida aina ya Sprague-Dawley, akawalisha chumvi nyingi akaona wengine presha yapanda vibaya na wengine haina habari, na chakula ni kilekile, banda ni lilelile. Basi akawapandisha waliopanda presha wao kwa wao, na wasiopanda wao kwa wao, na ndani ya vizazi vichache tu akawa na koo mbili zimeachana kabisa, S wanaodhurika na chumvi na R wanaoihimili. Hayo yalichapishwa 1962. Baadae John Rapp kule Toledo, Ohio akawazalisha ndugu kwa ndugu, kizazi juu ya kizazi, mpaka wakafanana jeni kwa jeni, akawatangaza 1985, na ndo hao mnaowaona wameandikwa SS/Jr na SR/Jr. SS ndo wale S, SR ndo wale R, na hiyo Jr ni yeye.

SHR wametoka Kyoto, Japani, kwa Okamoto na Aoki, 1963. Wao hawakushughulika na chumvi kabisa. Walitafuta kwenye panya wa Wistar dume ambaye presha yake iko juu yenyewe tu, wakampandisha na jike ambaye yake pia imeinuka kidogo, wakaendelea hivohivo na watoto na wajukuu. SHR akifika kama wiki ya sita presha yaanza kupanda, na akishakua mkubwa ile ya juu yacheza 180 mpaka 200, umpe chumvi usimpe. Baadae wakatolewa hapohapo SHRSP, wale ambao wengi wao hupigwa na kiharusi.

Sasa tofauti ndo hii. SHR ataugua kwa vyovyote, chumvi ukimuongezea utamuongezea mzigo lakini sio iliyomuanzisha. Dahl SS ukimlisha chakula chenye chumvi asilimia 0.4 anakaa, ni kweli presha yake iko juu kidogo kuliko ya wenzake na inapanda polepole na umri, hilo msilisahau kwenye kuandika, lakini anakaa. Mbadilishie chakula hichohicho kiwe na chumvi asilimia 4 na ndani ya wiki tatu nne una mgonjwa mbele yako, figo zinavuja protini, moyo umeanza kunenepa. Mpe asilimia 8 ndo vibaya zaidi, wengi hawaishi sana. Na R akila hiyohiyo asilimia 8 yuko sawa tu. Kwaivo kwenye Dahl wewe mtafiti ndo unaeshika chumvi mkononi, unaamua ianze lini, iwe kiasi gani, iondoke lini, na hilo SHR hawezi kukupa.

Mpwa wangu mmoja aliniuliza, ami, kwani panya si panya tu, si nitumie wale waliopo chuoni niwatie chumvi kwenye maji? Nikamwambia hapana baba, Wistar wa kawaida atakunywa maji ya chumvi na presha itasogea kidogo ama isisogee, kwa sababu figo zake ni nzima. Figo ndo kila kitu hapa. Dahl mwenyewe alilithibitisha, 1974 alichapisha kazi ambayo alibadilishana figo kati ya hizo koo mbili, za R akampandikizia S na za S akampandikizia R, na presha ikafuata figo. S aliyepata figo za R akapona kiasi kikubwa, R aliyepata figo za S presha ikampanda.

Inafanyika vipi, figo nzima ikiona chumvi imezidi yaitoa kwa mkojo na presha haijasogea sana. Figo ya SS yaing'ang'ania. Kuna kile kipande cha mrija kinachopanda kwenye kitanzi cha Henle, kwa SS kinarudisha chumvi damuni kuliko inavyotakiwa, alafu damu inayopita ndani kabisa ya figo inapungua, na kemikali za oksijeni zinazounguza zinajaa mle. Ili figo hiyo itoe chumvi kiasi kilekile ambacho mwenzake anakitoa bila shida, yabidi presha ipande kwanza ndo chumvi isukumwe nje. Ukishaelewa hapo umeelewa presha ya chumvi yote, mengine ni kutafuta jeni gani imeifanya figo iwe hivo.

Na hapa kwenye jeni ndo Dahl amewaacha wenzake mbali, kwa maoni yangu. Rapp na wenzake 1989 walizalisha S na R pamoja, wakachukua wajukuu, wakapima presha na kuangalia kila mmoja amerithi jeni ya renini, kimeng'enya cha figo kinachohusika na presha, ya upande gani. Mwenye nakala moja ya S presha ilizidi kwa kama 10, mwenye nakala mbili kwa kama 20. Hiyo ni jeni moja tu, iko kromosomu ya 13, na wala haikutosha kueleza tofauti yote ya hao panya. Miaka ya 70 mwanzoni Rapp na Dahl walikua washaona kua tezi za adrenali za S zinatengeneza kwa wingi homoni moja inayoshika chumvi mwilini, na tofauti yake inarithiwa vizuri kabisa baba na mama kwa mtoto, sasa tunajua ni jeni ya Cyp11b1 kromosomu ya 7. Na ziko nyengine nyingi kwenye kromosomu nyengine, kila moja inachangia kidogo. Kwaivo mtu akikuambia ameipata "jeni ya presha ya chumvi" muulize ni ipi kati ya hizo.

Kazi iliyonivutia mimi kuliko zote ni ya Milwaukee, Medical College of Wisconsin, kina Cowley. Walimchukua SS wakamtoa kromosomu ya 13 wakamuwekea ya panya mwengine aitwae Brown Norway, kwa njia ya kuzalisha tu, mengine yote yakabaki ya SS. Panya ana jozi 21 za kromosomu na hapa imebadilishwa moja. Wakawalisha wote chumvi asilimia 4 kwa wiki nne. SS presha ya wastani ikafika kama 170, yule mwenye kromosomu ya 13 ya kupewa ikaishia kama 120. Jozi moja ya kromosomu imeshusha karibu 50! Huyo panya anaitwa SS-13BN na ndo sababu kubwa ya mimi kusema chukua Dahl, nitaeleza hapo chini kwenye kontroli, yaani panya wa kulinganishia.

Alafu 2009 watu wakaweza kukata jeni za panya moja kwa moja, na Wisconsin hawakulala, wakaanza kuzima jeni moja moja ndani ya SS. 2013 walichapisha SS aliyezimwa jeni ya Rag1, yaani hana seli za kinga za T na B, na kwa chumvi ileile presha yake haikupanda sana kama ya ndugu zake na figo hazikuumia sana kama zao. Yaani kinga ya mwili nayo imo kwenye presha ya chumvi, jambo ambalo zamani ungelisema watu wangekushangaa.

SHR nae ana jeni zake msije mkasema nimemdhulumu. 1999 ilionyeshwa kua SHR ana kasoro kwenye jeni ya Cd36 na inamharibia matumizi ya mafuta na insulini. Kwaivo kama wewe unafuata presha na sukari zinazokuja pamoja, ama dawa ya presha ya jumla, ama moyo unaonenepa pole pole kwa presha ya muda mrefu, SHR ni wako na sina neno.

Kontroli sasa, hapa ndo watu wanaumia. Kontroli ya SHR kila mtu anaandika WKY, yaani Wistar-Kyoto, panya wa ukoo wa Wistar ambae hana presha. Shida ni kua WKY walisambazwa kwa maabara na wauzaji kabla hawajamaliza kuzalishwa ndugu kwa ndugu, kwaivo kila walipofika wakaendelea kivyao, na 1987 ilichapishwa wazi kua WKY wa muuzaji huyu na WKY wa muuzaji yule wanatofautiana mpaka kwenye kukua na kwenye presha. Hata angekua mmoja dunia nzima bado ana tofauti chungu nzima na SHR zisizohusiana na presha, ukiona tofauti kati yao hujui ni ya presha ama ni ya mambo mengine. SR kwa SS ana udhaifu huohuo, msidhani Dahl amepona hapo, walichaguliwa mbali mbali na wanatofautiana kila mahali. Lakini kwa SS una kontroli mbili nzuri zaidi. Ya kwanza ni SS mwenyewe kwenye chumvi asilimia 0.4, jeni zilezile, chakula kilekile, chumvi tu ndo imebadilika. Ya pili ni SS-13BN, chumvi ileile, kromosomu moja ndo imebadilika. Ukiwa na makundi hayo manne, SS na SS-13BN, kila mmoja kwa chumvi kidogo na chumvi nyingi, utaweza kusema hili ni la chumvi, hili ni la jeni, na hili ni la vyote viwili vikikutana, na hakuna mtahini atakaekusumbua.

Na kitu ambacho karibu kila anaeanza anakisahau ni chakula chenyewe, na sisemi chumvi, nasema kile kilichobeba chumvi. Ilionekana kua SS wa aina moja wakila chakula cha nafaka presha haipandi sana wala figo haziumii sana kama wale wanaokula chakula kilichosafishwa chenye protini ya maziwa, kaseini, na chumvi ni asilimia ileile kwa wote. Yaani mnyama mmoja, chumvi moja, protini tofauti, jibu tofauti. Na ikaendelea zaidi, ikaonekana hata alichokula mama akiwa na mimba na akinyonyesha kinabaki kwa watoto wakubwa. Kwaivo ukiagiza SS waulize kabisa wamelelewa kwa chakula gani, andika jina la chakula kwenye ripoti yako, na usibadilishe katikati ya kazi kwa sababu mfuko umeisha na muuzaji wa karibu ana cha kuku. Ndo mambo yanayofanya kazi ya mtu mmoja isirudiwe na mwengine, watu wanalaumu jeni kumbe ni mahindi.

Ulizia pia cheti cha jeni. 1994 ilichapishwa kua SS/Jr waliokua wanauzwa walichanganyika na damu nyengine, na watu walikua washafanya nao kazi wakidhani ni safi. SS ambae hapandi presha kwa chumvi asilimia 4, mshuku yeye kabla hujaishuku dawa yako.

Kupima nako. Wengi wetu tuna kafu ya mkia na ndo tutakayotumia. Panya anaingizwa kwenye mrija wa plastiki mwembamba, pua mbele, mkia nje, mkia unapashwa moto ili mshipa ufunguke, kafu inavishwa kwenye shina la mkia inajazwa hewa inaachiliwa. Mara ya kwanza anahangaika, anajikojolea, anapumua haraka, na namba utakayopata hapo ni ya woga sio ya ugonjwa. Mzoeshe siku kadhaa bila kuandika chochote, mkono uleule, saa ileile, chumba kimya, na ukiona amekunja mkia mrudishe bandani. Kwa SHR ambae yuko 190 kafu inatosha kukuonyesha. Kwa SS ambae unataka kujua presha imeanza kupanda siku ya ngapi baada ya chumvi, kafu inakosa mengi, inayofaa ni telemetria, kile kifaa kinachopandikizwa ndani na kutuma presha usiku na mchana bila kumshika. Ni ghali, sidanganyi mtu. Kama hunacho, kafu, lakini punguza unayoyadai.

Kwa gharama kwa jumla SHR ni rahisi kuliko Dahl, anapatikana kwingi, chakula chake ni cha kawaida, hahitaji chakula maalum cha asilimia. Maabara nyingi za kwetu huwa na Wistar ama Sprague-Dawley, hao wengine wote ni wa kuagiza ng'ambo, na vibali, na ndege. Hapo ndo watu wanauliza ile njia ya tatu, ya DOCA. Unamchukua Sprague-Dawley wa kawaida, unamtoa figo moja, unampandikizia DOCA chini ya ngozi, ni homoni inayoshika chumvi, na unamnywesha maji yenye chumvi asilimia 1, ndani ya wiki tatu nne presha iko juu. Ni presha ya chumvi kweli na ni rahisi kwa mfuko. Lakini umeitengeneza wewe kwa kisu na kwa homoni, ukoo haumo.

Kabla ya kuamua, neno moja kuhusu watu, manake najua jamaa huku watasoma wakimbilie kumwaga chumvi yote. Panya mkubwa anakula kama gramu 20 za chakula kwa siku, kwa asilimia 4 hiyo ni chumvi gramu 0.8, na mwili wake ni robo kilo. Ni zaidi ya gramu 3 kwa kila kilo ya mwili. Shirika la Afya Duniani linamwambia mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku nzima, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo kwa mtu wa kilo 60 haifiki hata gramu 0.1 kwa kilo. Panya anakula zaidi yetu kwa uzito wake, ni kweli, lakini hata hivo dozi ya maabara ni kubwa mno na inafanya kwa wiki nne kile ambacho kwa mtu huchukua miaka. Panya anakuonyesha njia ambayo chumvi na jeni zinapita, hakuambii ng'onda vipande vingapi. Presha yako nenda kapime.

Kwaivo uamuzi. Swali lako ni kwa nini chumvi inamdhuru huyu na haimdhuru yule, ama jeni gani, ama dawa ya mitishamba unayoamini inasaidia figo kutoa chumvi, chukua SS, na kama mfadhili anakubali ongeza SS-13BN badala ya SR. Swali lako ni dawa kwa presha ambayo ishakaa, ama mishipa, ama presha na sukari, chukua SHR, na WKY wote wanunue kwa muuzaji mmoja na andika ni nani. Kiharusi, SHRSP. Bajeti ni ndogo na unataka chumvi, fanya DOCA na utoe neno jeni kwenye kichwa cha pendekezo kabla msimamizi hajalitoa yeye. Na ukishapata SS, anza na madume manake presha kwao yapanda haraka zaidi, waache watulie bandani wiki moja kwenye chakula cha asilimia 0.4, uwapime wote hapo kwanza, chumvi ianze wakiwa wa wiki saba mpaka tisa, na uanze na asilimia 4, asilimia 8 wengi watakufa kabla hujapata ulichokitafuta.